Nikikifuta Hiki, Nitakipata Wapi?

Mhadhara wa wazi kuhusu mpangilio wa saraka na mazingira ya kujengea Linux ya vifaa vidogo



Nianze na siku niliyoifuta kazi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi wa programu katika kampuni changa iliyotengeneza kisanduku cha kukusanya usomaji wa mita za maji na kuutuma kwa mtandao wa simu. Ndani ya kisanduku mlikuwa na ubao mdogo wenye prosesa ya ARM, na juu ya ubao ule ilikaa Linux tuliyoijenga wenyewe kwa kutumia Yocto, mfumo wa kujengea Linux ya vifaa vidogo. Modemu ilikuwa na tabia ya kugoma kuamka. Nikahangaika nayo karibu mwezi mzima. Mwishowe nikashuka ndani kabisa ya mti wa saraka, hadi pale msimbo wa kerneli, kiini cha Linux, ulipokuwa umefunguliwa, nikarekebisha faili mbili palepale, nikajenga upya, modemu ikaamka. Wiki tatu baadaye diski ikajaa. Nikamuuliza mwenzangu, "Kaka, saraka ya tmp imekula diski yote. Naweza kuifuta?" Akanijibu, "Futa tu, itajijenga tena." Na kweli ilijijenga tena, usiku kucha, faili baada ya faili, yote isipokuwa mistari michache niliyokuwa nimeiandika kwa mkono wangu.

Mwenzangu hakukosea, na mfumo haukuvunja ahadi yake hata moja. Mimi ndiye niliyeandika juu ya mchanga wa ufukweni, maji yakajaa kwa saa yake.

Tangu hapo, nikifungua mradi wowote huiuliza kila saraka swali moja: hiki nikikifuta, nitakipata wapi? Majibu ni matatu. Viko vitu vilivyoandikwa na mtu. Hivyo vikipotea vimepotea, mpaka mtu huyo akae aviandike upya kama bado anavikumbuka. Viko vilivyoletwa kutoka mtandaoni. Hivyo vitarudi iwapo seva ya mbali ingali hai na bando linatosha. Na viko vilivyopikwa na mashine. Hivyo hurudi siku zote, vinadai muda na umeme tu. Mti wa saraka ukipangwa vizuri, jibu unaliona kwa macho hata kabla hujauliza. Ukipangwa vibaya, vitu vya aina zote tatu hulala kitanda kimoja, na siku diski ikijaa unabaki kubahatisha.

Kwa wenzetu wasio wa fani hii, niseme kwanza tunajenga nini. Ruta iliyo ukutani nyumbani kwako, televisheni ya kisasa, mashine ya kulipia kwa kadi dukani: vingi kati ya vifaa hivi vinaendeshwa na Linux, kerneli ileile aliyoitangaza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Lakini ruta haina nafasi wala nguvu za kujijengea programu zake. Hujengewa kwingine, kwenye kompyuta kubwa ambayo mara nyingi prosesa yake ni ya ukoo mwingine kabisa: inayojenga ni x86, kinachojengewa ni ARM, au MIPS, au RISC-V. Ni kazi ya fundi cherehani anayeshona suti ya mteja aliye mbali. Vipimo vya mteja viko kwenye daftari. Hatari kubwa ya fundi huyu ni kujipima mwenyewe, kwa sababu mwili wake ndio ulio karibu.

Tena anachoshona si nguo moja. Kuna programu ya kuwashia kifaa, kuna kerneli, kuna maktaba ya C, kisha makumi au mamia ya programu nyingine, kila moja na namna yake ya kujengwa na watu wake walioipanga wapendavyo. Miongozo ya Yocto ya miaka hii inashauri uwe na gigabaiti 140 za diski zilizo wazi na gigabaiti 32 za kumbukumbu kwa kazi ya kawaida, ilhali imeji ndogo inayotoka mwisho, core-image-minimal, ukubwa wake unahesabiwa kwa megabaiti. Vumbi la mbao ni jingi kuliko kiti. Ndiyo sababu suala la wapi pa kuweka nini si la usafi wa meza tu.

Mfumo huu wa Yocto una historia inayofaa kusimuliwa, kwa sababu mpangilio wake wa sasa ni kovu la maumivu ya zamani. OpenEmbedded, ambayo ndiyo mzizi wake, ilianza mwaka 2003, ikichipuka kwa watu wa OpenZaurus waliokuwa wakiijengea Linux kompyuta ya mkononi ya Sharp iliyoitwa Zaurus. Waanzilishi wanaotajwa ni Chris Larson, Michael Lauer na Holger Schurig. Chombo chao cha kuendesha kazi, BitBake, kikatengwa mwaka 2004 kiwe mradi wa kujitegemea. Wazo lake lilitoka kwa Portage, mfumo wa vifurushi wa Gentoo. Jina ni la jikoni, na lugha yote ni ya jikoni: kila programu ina resipi yake, faili fupi inayoeleza msimbo unatoka wapi, unatiwa viraka gani, unakompailiwa vipi na unapakuliwa katika vyombo gani. Huko London kampuni ndogo ya OpenedHand ikajitengenezea toleo lake lililopunguzwa na kusafishwa, Poky. Intel ikainunua kampuni hiyo mwaka 2008, na mwaka 2010 Linux Foundation ikautangaza Yocto Project, ambao uliichukua Poky kuwa mfano wake wa kuanzia.

Sasa, OpenEmbedded ya mwanzo ilikuwa jiko moja kubwa. Resipi zote za dunia zilikaa katika hazina moja, na kila mwenye kifaa alichomeka cha kwake humohumo. Mtu wa ubao huu alibadilisha resipi ili kwake ifanye kazi, akamvunjia mtu wa ubao ule. Mwaka 2011 wakaigawa: kiini kidogo kikatengwa na kuitwa OpenEmbedded-Core, na kila kilichobaki kikahamia katika matabaka. Tabaka ni saraka ya kawaida tu, yenye jina linaloanza kwa meta, na ndani yake faili conf/layer.conf inayojitambulisha. Aliyetengeneza prosesa ana tabaka lake, aliyetengeneza ubao ana lake, wewe mwenye bidhaa una lako. Ukitaka kubadilisha resipi ya jirani huigusi: unaandika faili ya nyongeza yenye kiishio cha bbappend katika tabaka lako, na BitBake hubandika maneno yako chini ya ya kwake. Kwa miaka mingi sheria hii nimeiona ndiyo inayowatenga mafundi wanaolala usingizi na wasiolala. Mtu akinipa mradi, kwanza naingia katika kila tabaka lililoletwa kutoka nje na kuuliza Git, chombo kinachofuatilia mabadiliko ya faili, kama kuna kilichobadilishwa. Likiwapo badiliko hata moja, najua kuna mtu ameweka mali yake katika nyumba ya kupanga.

Twendeni ndani ya mti wenyewe. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuanza ilikuwa kunakili hazina ya Poky. Humo mtaikuta saraka ya bitbake, yenye mpishi mwenyewe. Meta, ambayo ndiyo OpenEmbedded-Core. Meta-poky yenye sera za usambazaji. Meta-yocto-bsp yenye mbao chache za mfano. Scripts yenye zana za msaada. Na faili moja iliyokaa mlangoni, oe-init-build-env, ambayo nitaizungumzia kwa kirefu. Hakuna katika hizi unachopaswa kukihariri. Ni vitu vilivyoletwa.

Ukiiita faili hiyo ya mlangoni kwa mara ya kwanza, inakutengenezea saraka ya build, na ndani yake conf yenye faili mbili zilizo muhimu: local.conf na bblayers.conf. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Saraka ya build kwa asili ni meko: ni mahali pa moto na majivu, pa kufutwa. Lakini local.conf imo humo humo, na inapokea maandishi yako kwa ukarimu mkubwa. Leo unaongeza kifurushi kimoja, kesho unabadilisha toleo la kerneli, keshokutwa unaweka nenosiri la majaribio, na baada ya miezi sita bidhaa nzima imekaa katika faili moja ambayo Git haiijui, katika saraka inayoitwa kwa jina la vitu vya kufutwa. Nimeiona hali hiyo zaidi ya mara moja, na mara zote aliyeiandika faili alikuwa ameshaacha kazi.

Dawa yake ni kuyatenganisha maswali matatu ambayo Yocto imeyatenganisha tangu zamani. Kifaa ni kipi? Jibu huandikwa katika conf/machine ya tabaka lako. Sera ni zipi, yaani maktaba gani ya C, mfumo gani wa kuwashia huduma, leseni zipi zinakubalika? Hizo huenda conf/distro. Na kifaa kibebe nini? Hilo ni resipi ya imeji, kwa desturi chini ya recipes-core/images. Majibu hayo yakikaa mahali pake, local.conf inabakiwa na mambo ya kompyuta yako tu: itumie viini vingapi vya prosesa, na akiba ziwe wapi. Hapo unaweza kuifuta bila kutetemeka.

Ile bblayers.conf nayo ina mtego wake. Huorodhesha matabaka kwa njia kamili, kuanzia mzizi wa diski, jina la nyumbani kwako likiwemo. Ukiinakili kwenye kompyuta ya mwenzako haitasoma kitu. Wenye mfumo walilitazamia hilo: kigeu cha TEMPLATECONF huelekeza kwenye violezo vilivyo ndani ya tabaka lako, na violezo hivyo badala ya njia kamili vina neno ##OEROOT##, linalojazwa palepale mtu anapoanza kazi. Basi kinachohifadhiwa ni kiolezo.

Lililo zito zaidi ni tmp, ile iliyonimeza. Ndani ya tmp/work kila resipi hupewa chumba chake, kilichopangwa kwa aina ya prosesa, kisha jina la resipi, kisha toleo. Fungua chumba kimoja utaona maisha yote ya programu: msimbo uliofunguliwa na kutiwa viraka, image, ambamo programu imesakinishwa kana kwamba pale ndipo kwenye kifaa, packages-split, ambamo imegawanywa katika vifurushi, na temp, ambamo kumbukumbu za kila hatua zimeandikwa. Nawasihi, kazi ikikwama msianze kuuliza watu. Fungueni temp/log.do_compile ya resipi iliyokwama mkaisome kutoka chini kwenda juu.

Humo pia mna recipe-sysroot, na nitasimama hapa kidogo kwa sababu ni mfano mzuri wa saraka iliyozaliwa na adha. Zamani kifaa kizima kilikuwa na sysroot moja, yaani ghala moja la maktaba na vichwa vya C ambamo kila resipi iliweka na kuchukua. Resipi ikisahau kutaja kwamba inahitaji maktaba fulani, iliikuta tu humo ikiwa mwingine alishaiweka, kazi ikapita. Kwenye kompyuta nyingine, yenye viini vingi zaidi, mpangilio wa kazi ulibadilika, maktaba ikachelewa, kazi ikaanguka. Makosa ya namna hii yanachosha kuliko yote, kwa kuwa ukirudia yanatoweka. Katika toleo la 2.3 la mwaka 2017, kila resipi ikapewa sysroot yake, yenye vile tu ilivyovitaja. Diski ilitumika zaidi. Lakini uongo mwingi uliokuwa umejificha kwa miaka ulifichuka ndani ya wiki chache, na resipi zikaanza kusema kweli.

Na kama ni lazima uguse msimbo, kama mimi na modemu yangu? Kuna devtool. Ukiiamuru devtool modify linux-yocto, inauweka msimbo wa kerneli katika saraka ya workspace/sources, nje ya tmp, ukiwa hazina kamili ya Git. Unahariri, unajenga, unajaribu, unaweka kumbukumbu ya badiliko. Ukimaliza, devtool finish inageuza badiliko lako kuwa kiraka na kukipeleka katika tabaka utakalolitaja. Ile mistari yangu iliyopotea niliiandika upya kwa siku mbili za kukumbuka, na sasa ni faili ndogo chini ya recipes-kernel/linux katika tabaka la bidhaa. Tmp ile nimeifuta mara nyingi mno tangu hapo.

Wapo wanaoona Yocto ni nzito, nami siwalaumu. Buildroot, iliyoanza mwaka 2001 kwa watu wa uClibc, maktaba ndogo ya C, na ambayo Peter Korsgaard aliichukua kuiongoza mwaka 2009, ina mti ambao mtu anaweza kuumaliza kwa mchana mmoja. Saraka za package, board, configs, boot, linux, fs na toolchain ni za msimbo. Dl ni ya vilivyoletwa. Output ni ya vilivyopikwa. Mgawanyo wangu wa aina tatu mnauona waziwazi. Ndani ya output, images ndiyo yenye kinachopelekwa kwenye kifaa, host ina zana za kompyuta inayojenga, build ina vyumba vya kazi, na target inafanana kabisa na mfumo wa faili wa kifaa.

Inafanana, lakini siyo. Watu wengi waliinakili target moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu, kifaa kikakataa kuwaka au kikawaka na ruhusa za ovyo. Sababu ni kwamba Buildroot haijengi ikiwa mtumiaji mkuu, kwa hiyo haiwezi kutengeneza faili za vifaa wala kuweka umiliki sahihi. Hayo hufanywa mwishoni kabisa, imeji inapofungwa, kwa zana ya fakeroot. Waandishi wake wakachukua hatua ninayoipenda: ndani ya target waliweka faili ambayo jina lake lote ni herufi kubwa, THIS_IS_NOT_YOUR_ROOT_FILESYSTEM, yaani huu sio mfumo wako wa faili. Onyo limewekwa palepale mkono unapopita, wala si katika ukurasa wa mia wa mwongozo. Mkipanga saraka zenu, wekeni maonyo namna hiyo.

Vitu vyako mwenyewe katika Buildroot viweke nje ya mti, katika saraka inayoelekezwa na BR2_EXTERNAL, na majivu yatoe nje kwa kutaja O= unapoita make. Jihadharini na jambo moja: mapendeleo yenu yote yako katika faili iitwayo .config, na make distclean huifuta. Kabla ya hapo muwe mmeamuru make savedefconfig.

Nimesema nitarudi mlangoni. Amri ni source oe-init-build-env, na wanaoanza huuliza kwa nini neno source, kwa nini faili isiendeshwe tu kama programu nyingine. Jibu liko katika desturi ya Unix. Kila programu huzaliwa na programu nyingine, na inapozaliwa hurithi nakala ya mazingira ya mzazi: PATH, lugha, saraka ya nyumbani na vigeu vingine vyote. Mtoto hurithi, lakini mzazi harithi kutoka kwa mtoto. Ukiiendesha faili ile kama programu, atazaliwa mtoto, ataweka PATH mpya, atahamia saraka ya build, kisha atakufa na kila alichokiweka, nawe utabaki ulipokuwa. Neno source huiambia sheli iliyo mbele yako isome faili kwa sauti yake yenyewe, bila kuzaa mtoto. Waandishi wanalijua kosa hili vizuri kiasi kwamba faili yenyewe hukagua imeitwaje, na ukiiendesha hukukatalia na kukuambia namna sahihi.

Inachoweka ni kidogo: BitBake na zana za scripts zinaingia katika PATH, BUILDDIR inataja meko yako, nawe unahamishiwa humo. Ukifungua dirisha jipya la teminali, hakuna chochote kati ya hayo, unaiita tena. Naona vijana wanaibandika amri hii katika .bashrc ili wasiiandike kila siku. Msifanye hivyo. Mtu mwenye miradi miwili atajikuta anajenga bidhaa moja kwa mazingira ya nyingine, na hakuna atakachokiona mpaka kifaa kiko mikononi mwa mteja.

Lakini kuingia mazingira ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kuyatoa yasiyotakiwa, na hapa fundi cherehani wetu anarudi. Kompyuta yako ina vigeu chungu nzima ulivyoviweka miaka iliyopita ukasahau: LD_LIBRARY_PATH ya programu fulani, CFLAGS ya jaribio fulani. Ina kompaila yake, ina maktaba zake katika /usr/lib. Vyote hivi vinaingia nyumbani bila kupiga hodi. Programu ikikompailiwa kwa vichwa vya C vya kompyuta yako badala ya vya kifaa, huenda ikapita bila kelele, kisha ikaanguka kwa mteja.

Kwa hiyo BitBake haimkaribishi mgeni. Inapoanza hufuta mazingira karibu yote na kubakiza vigeu vichache vilivyoorodheshwa. Ukitaka chako kipite, unakitaja katika BB_ENV_PASSTHROUGH_ADDITIONS, ambayo kabla ya toleo la 4.0 la Yocto, la mwaka 2022, iliitwa BB_ENV_EXTRAWHITE. Mkikuta maelezo ya zamani yanayotaja jina hilo, mjue umri wake. Hata zana za kawaida hazichukuliwi ovyo: katika tmp/hosttools mna viungo vya zile tu zilizoruhusiwa, na PATH ya kazi huishia hapo. BitBake pia hukataa kuendeshwa na mtumiaji mkuu. Na tangu toleo hilohilo la 4.0, hatua zote isipokuwa ile ya kuleta msimbo zimenyimwa mtandao. Programu iliyozoea kupakua vitu kimyakimya katikati ya kukompailiwa sasa huanguka hadharani. Wapo waliolalamika. Mimi nasema ni heri, kwa sababu kitu kilichopakuliwa kimyakimya hakina anayejua kitapatikana wapi kikifutwa. Buildroot nayo ina ukaguzi wake mlangoni: ikikuta saraka ya sasa imo ndani ya LD_LIBRARY_PATH, au PATH ina nafasi wazi, husimama na kukwambia.

Kuna mazingira ya aina nyingine, ya mwandishi wa programu asiyetaka kujenga Linux nzima. Yeye hupewa SDK, yaani furushi la zana za kuandikia programu za kifaa, kwa desturi inayosakinishwa chini ya /opt, na faili moja ambayo jina lake linaanza na environment-setup. Akiiita kwa source, anapata CC, CFLAGS, LDFLAGS na vingine vilivyoelekezwa kwenye sysroot ya kifaa. Mitego ni miwili. Wa kwanza, Makefile iliyoandikwa CC = gcc huifunika ile ya mazingira, kwa kuwa make hutanguliza faili yake mwenyewe; matokeo ni programu ya x86 ambayo kifaa kitaikataa kwa ujumbe wa Exec format error. Wa pili, LDFLAGS ya SDK imeandikwa kwa programu za kawaida. Mtu akijenga kerneli, au U-Boot, ile programu ya kuwashia kifaa, katika dirisha hilohilo, kiunganishi hukwama kwa maneno yasiyoeleweka. Amuru unset LDFLAGS kwanza, kazi itaendelea.

Nimebakiza jambo linalotuhusu sisi hapa, tunaojenga kwa umeme unaokatika na intaneti inayopimwa kwa bando.

Kuhusu umeme, mpangilio umetutendea wema. Kila hatua ya kila resipi, kuleta, kufungua, kutia viraka, kusanidi, kukompaili, kusakinisha, kufungasha, ikimalizika huacha muhuri katika tmp/stamps. Umeme ukikatika saa tisa za usiku, asubuhi unarudia amri ileile, nayo inaendelea kutoka muhuri wa mwisho. Hatua iliyokatwa katikati ndiyo tu inayoanza upya.

Kuhusu bando, lazima tujisaidie. Kwa kawaida downloads na sstate-cache huzaliwa ndani ya build. Zitoeni humo siku ya kwanza: wekeni DL_DIR na SSTATE_DIR katika local.conf, zielekezwe nje, mahali ambapo miradi yote itashirikiana. Sstate ni akiba ya vilivyokwishapikwa, kila kipande kikiwa na alama inayokokotolewa kutokana na viambato vyake vyote. Kiambato kisipobadilika, chakula kinapashwa moto badala ya kupikwa upya. Downloads ni msimbo wenyewe ulioletwa. Amri ya bitbake yenye --runall=fetch huleta kila kitu bila kujenga chochote, na BB_GENERATE_MIRROR_TARBALLS ikiwashwa, hata hazina za Git hufungwa kuwa mafurushi yanayobebeka. Kisha, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, unarithi own-mirrors, unaielekeza SOURCE_MIRROR_URL kwenye diski, unawasha BB_NO_NETWORK, na kazi inaenda. Resipi inayodai toleo jipya kabisa kila mara, kwa AUTOREV, ndiyo pekee itakayogoma. Ipeni nambari maalumu ya toleo.

Diski hiyo ninayo hapa mezani. Ina downloads za scarthgap, toleo la 5.0 la Yocto la mwaka 2024, kwa imeji ndogo na kwa mbao tatu tunazozitumia katika mafunzo. Atakayetaka kunakili aje na diski yenye nafasi, tutakuwa hapa hadi saa tatu usiku. Hamhitaji kuniamini mimi kwamba mafurushi hayajaharibika: resipi zenyewe zimeandikwa alama ya sha256 ya kila furushi lisilotokana na Git, na zitalikagua moja baada ya jingine kabla ya kulifungua.